Kabla ya kumnunulia mtoto spika za masikioni, pima kwanza kama zinamkaa

Shule zinapofunga, wazazi wengi wa Ihanda wilayani Mbozi, pamoja na wenzao wa Vwawa na Tunduma, hupokea ombi linalofanana kutoka kwa watoto: spika za masikioni, zile ambazo vijana huziita iafoni. Mmoja anataka kusikiliza masomo kwenye simu bila kuwasumbua wadogo zake. Mwingine anataka muziki tu. Mzazi naye huona ni nafuu, maana nyumba itatulia jioni.

Kuzipata si kazi. Zinaning'inia kwenye fremu za vifaa vya simu, machinga wanazitembeza stendi, na siku ya mnada zinapangwa chini juu ya turubai. Mzazi akiuliza bei, muuzaji huchomeka pini kwenye simu yake, hupandisha sauti hadi mwisho na kusema, "Mama, hebu sikiliza hii besi." Besi inatikisa, pesa inatoka, biashara imekwisha.

Katika manunuzi hayo ya dakika mbili, mambo mawili huwa hayajaangaliwa. La kwanza ni kama spika hizo zinamkaa mtoto sawasawa masikioni. La pili ni kama sauti yake inaeleweka pale inaposhushwa kufikia kiwango cha kawaida. Wengi hudhani hayo ni mambo ya wapenzi wa muziki. Kumbe ndiyo yanayoamua mtoto atasikiliza kwa sauti kubwa kiasi gani kila siku, na usalama wa masikio yake uko hapo.

Spika ikilegea, sauti hupandishwa

Spika za masikioni ziko za aina mbili kubwa. Zipo za plastiki tupu zinazokaa mlangoni mwa sikio, na zipo zenye vipira laini vinavyoingia kidogo ndani ya tundu. Hizi za pili hufanya kazi yake vizuri pale tu kipira kinapoziba tundu lote la sikio.

Sababu ni hii. Ndani ya kila spika kuna kiwambo chembamba kinachotetemeka na kusukuma hewa. Kwa kuwa ni kidogo sana, hakina nguvu ya kutoa besi kwenye uwazi. Kinategemea ile hewa chache iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo hewa hiyo hutoroka, na kinachopotea kwanza ni besi. Inabaki sauti nyembamba na kali.

Mtoto hajui kwamba kipira hakijaziba. Anachoona yeye ni kwamba muziki hauna ladha, kwa hiyo anapandisha sauti akiitafuta besi. Besi inarudi kidogo tu, lakini zile sauti kali ambazo hazikuwa zimepotea zinapanda zote pamoja nayo.

Upenyo huohuo pia huingiza kelele za nje. Hili lina uzito kwa familia zinazoishi au kufanya biashara karibu na barabara kuu iendayo mpakani Tunduma, ambako malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Lori kubwa likipita karibu, kelele yake inaweza kufika desibeli 80 na zaidi. Ili muziki usikike juu ya kelele hiyo, lazima upandishwe kuizidi. Lori likishapita, ni nadra mtoto kukumbuka kushusha.

Kipira kinachoziba vizuri hupunguza kelele kabla haijaingia, kama dirisha lililofungwa linavyopunguza kelele za barabarani. Besi inabaki ndani, kelele inabaki nje, na mtoto anaridhika na sauti ya chini. Spika inayomkaa vizuri ni kinga, hata kama aliinunua kwa ajili ya starehe.

Hesabu ambayo mzazi anapaswa kuijua

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kipimo cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, ambao masikio yao yanahitaji uangalifu zaidi, ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3 tu, muda salama hukatwa nusu. Mtu mzima aliyekuwa na saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, akifika desibeli 83 anabaki na saa 20. Akifika desibeli 90 anabaki na saa 4 kwa wiki nzima. Kwenye desibeli 100 ni dakika 20 hivi, nazo ni za wiki, si za siku.

Kwa hiyo mtoto anayepandisha sauti kidogo kidogo kwa sababu kipira kinalegea anaweza kumaliza kiwango chake cha wiki kabla ya jioni ya siku ya kwanza. Mwaka 2022 WHO ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na kusikiliza muziki na sauti nyingine kubwa kwa muda mrefu.

Madhara yenyewe hutokea ndani kabisa ya sikio, katika sehemu yenye umbo la konokono. Humo kuna chembe hai ndogo zenye vijinywele, zipatazo 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Zikipumzishwa mapema hujirudi, lakini zikichoshwa kila siku hufa, na zikifa haziwezi kuota tena. Lori likiharibika njiani, spea itatafutwa Tunduma au Mbeya. Sikio halina spea.

Ni kweli kwamba tiba imepiga hatua. Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili hupandikiza vifaa vya kusaidia usikivu kwa wagonjwa ambao hawasikii kabisa au wanasikia kwa shida kubwa, upasuaji ambao kabla ya hapo wagonjwa waliufuata nje ya nchi. Hata hivyo, kifaa hicho humsaidia mgonjwa kusikia kwa njia nyingine na baada ya mafunzo ya muda mrefu. Hakirudishi sikio alilozaliwa nalo.

Namna ya kupima kama zinakaa

Mtoto atakayezitumia ndiye apimwe, si mzazi. Tundu la sikio la mtoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, kwa hiyo spika inayomkaa baba haitamkaa mwanafunzi wa darasa la sita. Kwa sababu za usafi, wauzaji wengi hawaruhusu kila mteja kuziingiza sikioni. Basi mzazi akubaliane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba zisipomkaa mtoto atabadilishiwa, au anunue kwanza kisha zijaribiwe palepale.

Fungua pakiti uangalie vipira. Spika nyingi huja na jozi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Zilizofungwa tayari huwa ni za kati, na watu wengi hawazibadilishi maisha yote. Kwa mtoto, anza na ndogo. Pakiti yenye jozi moja tu ya vipira iache, labda kama hiyo moja imemkaa kweli.

Angalia alama. Herufi L ni ya sikio la kushoto na R ni ya kulia. Spika nyingi zimepinda kidogo kufuata umbo la sikio, na zikigeuzwa haziwezi kuziba.

Kisha mtoto ashike sehemu ya juu ya sikio kwa mkono wa upande wa pili, aivute juu na nyuma taratibu ili tundu linyooke, halafu aingize spika huku akiizungusha kidogo. Asiisukume kwa nguvu. Akiachia sikio, spika ikae yenyewe.

Sasa ahesabu kwa sauti yake ya kawaida, "moja, mbili, tatu," bila muziki. Kama vipira vimeziba, ataisikia sauti yake nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kama anajisikia kama kawaida, kuna upenyo. Abadilishe kipira, ajaribu tena.

Baada ya hapo uwekwe wimbo wenye besi kwa sauti ya chini. Mtoto abonyeze spika ndani kidogo sana kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla anapobonyeza na kupungua anapoachia, kipira ni kidogo au hakijakaa. Isipobadilika, kimekaa.

Amalize kwa kutafuna, kupiga miayo, kugeuza shingo na kuruka mara mbili. Spika inayochomoka kwa kutafuna itachomoka kila mara, na mtoto atachoka kuirudisha.

Pima kila sikio peke yake. Watu wengi wana sikio moja lenye tundu pana kuliko jingine, na si kosa kutumia kipira kidogo upande mmoja na cha kati upande mwingine.

Kipira kikubwa kupita kiasi nacho kina kasoro yake. Huziba, lakini baada ya muda sikio huanza kuuma, kuwasha au kupata joto. Zikishanunuliwa, mtoto azivae nusu saa nyumbani mbele ya mzazi. Akianza kuzigusagusa na kuzivuta, mpe saizi inayofuata chini. Pasipo na kipira kinachoziba bila kuumiza, spika hizo hazikutengenezwa kwa sikio lake.

Sauti nzuri ni ipi

Muuzaji anapopandisha sauti hadi mwisho hakosei kibiashara. Masikio ya binadamu yana tabia hiyo: vifaa viwili vya ubora uleule vikipigwa, kile chenye sauti kubwa zaidi huonekana ndicho kizuri. Tena besi ni ngumu kusikika kwa sauti ya chini, hivyo sauti ikipandishwa kila spika huonekana ina besi.

Dawa yake ni kusikiliza kwenye simu ya mzazi mwenyewe, sauti ikiwa nusu au chini ya nusu. Wakati wa kulinganisha spika mbili, zote zisikilizwe kwa sauti inayosikika sawa, na kwa wimbo uleule ambao mzazi anaujua vizuri. Wimbo mgeni hauwezi kusema lolote, kwa sababu msikilizaji hajui unavyotakiwa kusikika.

Anza na sauti ya mtu anayeongea, kama taarifa ya habari au somo lililorekodiwa. Je, maneno yote yanaeleweka bila kukunja uso? Herufi "s" na "sh" zisichome sikio kama filimbi, wala zisififie mpaka "sasa" na "shasha" zifanane. Kwa mtoto anayesikiliza masomo, jaribio hili lina uzito kuliko besi.

Kisha weka kwaya. Kwaya ni kipimo kizuri ambacho familia nyingi tayari wanacho kwenye simu, kwa sababu ina sauti nne zinazoimba pamoja. Katika spika nzuri, mtu anaweza kuamua kuifuata alto peke yake, halafu akahamia tena, kisha besi, kila moja ikiwa mahali pake. Katika spika mbaya sauti hizo huvurugika na kuwa uji mmoja, au besi ya kinanda inazimeza zote.

Mwisho sikiliza ngoma na kayamba. Ngoma isikike ikipigwa na kukoma, isivume tu kama jenereta. Kayamba isikike punje kwa punje, si kama mafuta yanayochemka.

Hakikisha pande zote mbili zina nguvu sawa na kwamba sauti ya mwimbaji inasikika katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, badilisha spika masikio. Uzito ukihama pamoja na spika, ni mbovu. Ukibaki upande uleule, huenda kipira cha upande wa pili hakijaziba, au sikio lenyewe lina tatizo la kuangaliwa na mtaalamu.

Kwa zenye waya, chezesha waya karibu na pini na pale unapogawanyika. Ikikwaruza au kukatika leo, wiki ijayo itakufa upande mmoja, na mtoto atabaki akisikiliza kwa sikio moja, sauti ikiwa juu. Kwa zisizo na waya, pigia simu mtu umuulize kama anakusikia vizuri, kisha cheza video uone kama midomo ya msemaji inakwenda pamoja na maneno.

Maandishi ya kwenye boksi yasimpe mzazi haraka. "20 Hz hadi 20,000 Hz" ni upana wa sauti ambazo sikio zima la binadamu huweza kuzisikia, na huchapwa karibu kwenye kila boksi, liwe la bei ya juu au ya chini. Hakuelezi kama sauti hizo zinatoka vizuri. Jina kubwa la kampuni nalo si uthibitisho, kwa kuwa majina hayo huigwa. Masikio yapewe nafasi ya kuamua.

Zikishafika nyumbani

Spika inayokaa vizuri hupunguza haja ya kupandisha sauti, lakini haimzuii mtoto kupandisha. Kanuni bado zinahitajika.

WHO inashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Simu nyingi huonyesha onyo sauti inapopita kiwango fulani. Mtoto aelezwe kuwa onyo hilo si la kubonyezwa tu ili liondoke. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Masikio yapewe mapumziko kila baada ya muda, na spika zitolewe kabla ya kulala.

Mzazi asitegemee kusikia muziki ukivuja ili ajue kama sauti ni kubwa. Spika iliyoziba vizuri haivujishi, hata ikipigwa kwa nguvu. Njia bora ni kumsemesha mtoto akiwa hatua moja, kwa sauti ya kawaida, muziki ukiwa unaendelea. Asipotambua kabisa kwamba anasemeshwa, chukua simu uangalie kiwango kimefika wapi.

Kuziba huko huko kunakosaidia nyumbani ni hatari barabarani. Mtoto aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi ya lori wala bodaboda inayotoka nyuma. Kando ya barabara kuu na anapovuka, spika zote ziwe mfukoni. Sheria hiyo imhusu pia kaka anayeendesha pikipiki.

Spika za masikioni hazichangiwi, kama mswaki. Vipira vichomolewe na kuoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa, na nta iliyonasa kwenye wavu ifutwe kwa brashi kavu. Mtoto ambaye sikio linauma au linatoa usaha asizivae hadi apone. Wala asisafishwe sikio kwa pamba za vijiti ili spika ziingie vizuri, kwa sababu vijiti husukuma nta ndani na vinaweza kuumiza ngoma ya sikio.

Kwa watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, spika zenye vipira hazifai kabisa. Kipira kinaweza kuchomoka kikawakaba, au kikabaki ndani ya sikio. Kama kuna ulazima, hedifoni za kuvaa kichwani zilizowekewa kikomo cha sauti ni afadhali, na bado muda wake uhesabiwe.

Dalili za kutopuuza

Mtoto akisema masikio yanalia "nzii" baada ya kusikiliza, au anasikia kama yamejaa pamba, sauti ilikuwa kubwa mno. Hali hiyo mara nyingi huisha baada ya saa kadhaa, na hapo ndipo wengi husahau. Kuisha kwake si ruhusa ya kurudia.

Mtoto anayeanza kuuliza "umesemaje?" mara kwa mara, anayepandisha redio wakati wengine wanaisikia vizuri, au ambaye mwalimu anasema hasikilizi darasani, apelekwe kituo cha afya akaangaliwe. Wakati mwingine ni nta tu au maambukizi yanayotibika. Kama si hayo, atapewa rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Mzazi amweleze mhudumu wazi kwamba mtoto hutumia spika za masikioni, na kwa saa ngapi.

Na vile vipira vya akiba vilivyobaki kwenye pakiti visitupwe. Vifungwe kwenye kimfuko na kuwekwa mahali salama, kwa sababu tundu la sikio hukua pamoja na mtoto. Kipira kilichoziba vizuri mwaka huu kinaweza kulegea mwakani, na dalili ya kwanza itakuwa mtoto kupandisha sauti.